Kilio Kilichokuja Baada ya "Kata!"

Nakiri mbele yenu, na Mungu ananisikia: niliwahi kusifiwa kwa kazi ya mwenzangu, nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu, kumbe mwizi. Ndiyo maana kisa hiki kinaniwasha.

Walikuwapo watu watatu katika kituo cha televisheni, Tanga. Tatu alikuwa na jicho: miaka tisa alihariri picha za waongozaji wengine, hata akajua pa kukata kabla tukio halijaisha. Kombo, mpiga picha, alikuwa na mkono usiotetemeka. Mwasiti, aliyerithi kiti cha Tatu kwenye chumba cha uhariri, alikuwa na subira. Alitazama hata makombo, vile vipande vya picha vya kutupwa.

Siku moja Tatu akapewa kuongoza tamthilia, sehemu moja tu, ya majaribio. Mkuu wa kituo, Mzee Ngwali, akamwambia, "Ikipendwa, mfululizo mzima ni wako. Isipopendwa, rudi kwenye mkasi wako."

Mswada ulitaka mjane alie dirishani. Tatu akalikataa dirisha. Akamwomba mwigizaji, Bi Sikujua, mjane wa kweli, alete kanzu ya marehemu mumewe, aikunje tu.

Bi Sikujua akakunja, macho makavu. Kichwani mwa Tatu tukio lilishatosha.

"Kata!"

"Dada Tatu," Kombo akaguna, "mbona unaepua chungu maji hayajachemka?"

"Nimesema kata! Mara ya saba leo unanibishia. Nani mwongozaji hapa?"

Akageuka kwa hasira kupanga tukio jingine. Kombo kamera hakuizima. Naye Bi Sikujua, akijua kazi imekwisha, akaileta kola ya kanzu puani akainusa. Hapo akalia.

Tatu alimwandikia Mwasiti: "Ishia kwenye kata. Kinachofuata usikiguse." Mwasiti akakigusa. Akakiona kilio, akakiweka mwisho.

Tamthilia ikaonyeshwa, watu wakalia majumbani. Mzee Ngwali akawaita wote watatu, pamoja na Bi Sikujua.

"Nasikia kilio kile kilikuja baada ya 'kata'. Basi mfululizo nampa aliyekileta. Ni nani?"

"Kanzu ni wazo langu!" Tatu akafoka. "Miaka tisa nimewaokoa waongozaji, hakuna aliyenitaja. Leo nimeongoza mimi, kiti cha mwongozaji apewe mkaidi?"

"Ningekutii," Kombo akasema, "kilio kisingenaswa."

"Nami ningekutii, dada," Mwasiti akasema taratibu, "kingetupwa."

Kilichomkera Tatu zaidi ni hiki: alichofanya Mwasiti ndicho alichokifanya yeye miaka yote tisa, akikaidi maagizo, akilalamika kwamba hatajwi.

Bi Sikujua akainuka. "Mimi kiti sikitaki. Nirudishieni kanzu yangu tu."

Mzee Ngwali akashika kichwa. "Yarabi! Nipeni hadi Ijumaa, tukitoka kuswali."

Haya, wenzangu. Ungekuwa wewe Mzee Ngwali, kiti ungempa nani? Mimi sihukumu; nimeshawaambia nilichokifanya. Naomba kitu kimoja tu: ukijibu, nipe na sababu yako.