Kata Moja ya Nyati

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, na msidhani ni kale sana, kilabu cha pombe cha wanyama kilikuwa na sheria moja: mtu mzima, kata moja kwa siku, basi. Aliyeiweka ni Pimbi, mganga, aliyechoka kuzika walevi.

Sheria hiyo ilimkera Nyati, mwenye shamba kubwa la mtama. Ilimkera zaidi Nguchiro, mpika pombe, kadogo kenye macho ya tamaa.

"Pole, Mzee Nyati! Dume zima unapimiwa kama kifaranga?"

"Nifanyeje? Sheria ni kata moja."

"Kwani imetaja ukubwa wa kata? Wewe lete mtama, nikuchongee yako."

"Hoo hoo hoo! Kweli una akili!"

Nguchiro akapasua buyu kubwa kuliko kichwa cha Nyati, akalitia mpini. Basi kila jioni, gudu, gudu, gudu! Na kila jioni mtama wa Nyati ukahamia kwa Nguchiro.

"Baba Nyamizi, umezidisha!" mkewe akalia.

"Kata moja, mke wangu. Muulize yeyote!"

Akawauliza wanywaji wa kilabuni. Wote wakajibu, "Moja tu, shemeji." Walikuwa na macho, jamani! Waliliona lile buyu!

Masika yakapita. Macho ya Nyati yakawa manjano kama bizari, tumbo likajaa maji, likang'aa. Siku ya kuvuna akainuka, akapepesuka, puu!

"Mama Nyamizi," akanong'ona, "mbona nilifuata sheria?"

 Mkewe akajaza maji katika ile kata kubwa, akaanza kuyamimina katika kata ya Pimbi, ile ya kupimia kilabuni, mbele ya wote waliokimbilia pale, Nguchiro akiwemo. Ya kwanza ikajaa. Akaimwaga. Ya pili. Ya tatu. Ilipojaa ya saba, maji bado yalibaki.

Mama Nyamizi akamgeukia mpika pombe.

"Nguchiro, ulijua!"

"Mimi? Nilimpa moja tu, shemeji. Kwi kwi kwi!" Akatokomea ghalani mwake, kwenye mtama wa wenyewe.

Nyati aliziona zote saba kutoka pale chini alipolala. Mvua iliyofuata hakuiona. Waliochimba kaburi ni walewale waliosema, "Moja tu."

Hadithi yangu inakomea hapo kaburini, na funzo lake ni hili: ini huhesabu kilichonywewa, halihesabu vyombo.