Ngiri na Kesi ya Viazi Iliyolala

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima, wakijenga na kushtakiana kama majirani wa siku hizi, alikuwepo Mzee Ngiri. Shingo nene, meno nje, na roho isiyomwamini kiumbe yeyote. Hata uji wa nyumbani kwake hakuunywa mpaka mkewe auonje kwanza.

Mzee Ngiri alikuwa na kesi. Alidai kwamba marehemu mume wa Bi Pimbi, mjane mdogo wa kule majabalini, alikopa kwake marando ya kupandia viazi vitamu, akaahidi kumlipa nusu ya kila mavuno, na asipolipa shamba liwe la Ngiri. Bi Pimbi alisema marando yale yalikuwa zawadi ya ujirani. Shahidi hakuwepo upande wowote. Ngiri akapeleka madai yake kwa Hakimu Kobe, kisha akayaacha yalale huko.

Mnajua kwa nini? Kesi ikisikilizwa, huenda akashindwa. Ikilala, yeye anakula! Kila mavuno alikwenda kwa mjane na kapu tupu.

"Nijazie, Bi Pimbi, la sivyo naiamsha ile kesi!"

Na mjane, kwa hofu ya kunyang'anywa shamba, alimjazia. Watoto wake wakalala nusu shibe. Mzee mzima na meno yake, hana hata haya!

Basi asubuhi moja Ngiri yumo shimoni kwake, akasikia, "Hodi! Hodi hapa!"

"Nani? Umekuja na nani? Mbona unabisha taratibu hivyo?"

"Ni mimi, Bi Pimbi. Nipo na Chiriku, tarishi wa baraza. Shikamoo, Mzee Ngiri."

Ngiri akatoa pua tu. "Marahaba. Sema ukiwa hapo hapo."

"Nimemwomba Hakimu Kobe aimalize kesi yetu. Amesema uwe barazani kesho kabla jua halijafika utosini. Ukifika, ataisikiliza. Usipofika, ataifuta, wala hutanidai tena. Kanuni inataka nikuambie kwa kinywa changu mwenyewe, tarishi akisikia."

"Chiri-chiri! Ndivyo alivyosema hakimu," akasema Chiriku.

Ngiri akakunja uso. Mdaiwa amwite mdai? Tangu lini?

"Na shahidi wako nani?"

"Sina shahidi, mzee wangu. Ukija, huenda ukashinda." Bi Pimbi akatabasamu, akatua chungu kilichokuwa kikifuka moshi. "Nimekuchemshia na viazi, upate nguvu ya safari. Pita njia ya mtoni, ndiyo fupi, tena ni salama. Usichelewe, tafadhali."

Wakaenda zao. Viazi vilinukia mpaka tumbo la Ngiri likanguruma, ng'rooo! Hakuvigusa.

"Mke wangu, umesikia? Yule mwanamke ananipangia jambo."

"Umeitwa barazani tu, mume wangu. Nenda."

"Na lile tabasamu? Na njia ya mtoni? Huko yupo Chui, ameshaahidiwa mapaja yangu!"

"Basi pita ya mlimani."

"Ehee! Ndivyo anavyotaka! Anajua nitaikataa ya mtoni, kwa hiyo mtego ameutega mlimani."

Mkewe akachoka naye, akavuta chungu, akavila viazi vyote. Ngiri akamkodolea macho, akingoja aanguke. Hakuanguka. Akapiga mbweu, bweee! akaenda kufagia uwanja.

"Sumu ya polepole hiyo," Ngiri akajisemea.

Kesho yake akaondoka. Hakupita mtoni, hakupita mlimani. Alijipenyeza katikati ya miiba, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru.

"Nani ananifuata?"

Akasimama. Kimya. Akatembea. Kwaru-kwaru! Ni kwato zake mwenyewe juu ya majani makavu, lakini nani wa kumwambia? Akageuka, akawa anatembea kinyumenyume ili amwone anayemfuata. Pu! Akagonga kisiki.

"Ebo! Nani amekiweka kisiki hapa, na leo nina kesi?"

Akakizunguka kisiki, akakinusa, akakitishia kwa meno. Jua nalo likawa linapanda.

Alipofika karibu na baraza, akaona wanyama wamejaa, wametulia. Mbona wengi hivi? Mbona hawasemi? Akajibanza kichakani, akachungulia. Bi Pimbi alikuwa amekaa mbele, akitazama jua, akitazama njia, akitazama jua tena.

"Ahaa," Ngiri akanong'ona. "Ananingojea mimi nijilete."

Hakimu Kobe akanyoosha shingo. "Mzee Ngiri yupo?"

Ngiri alikuwa karibu kiasi cha kuona makunyanzi ya hakimu. Neno moja tu lilitakiwa. Mdomo ukafunguka, kisha akaufunga. Aitikie? Akiitika, watajua alipo!

"Mzee Ngiri! Nakuita tena! Upo?"

Ngiri akauma ulimi.

Jua likafika utosini. Hakimu akapiga gogo, paa! "Kesi imefutwa. Ngiri hana tena dai katika shamba la Bi Pimbi, si kiazi, si jani!"

"Nipo! Nipo hapa!" Ngiri akachomoka na miiba mwilini.

"Tangu lini?" akauliza hakimu.

"Tangu ulipokuwa ukiniita!"

Baraza zima likaangua kicheko, kwa-kwa-kwa! Ngiri akamgeukia mjane. "Umenidanganya, wewe!"

"Kwa neno gani, mzee wangu?"

Ngiri akafikiri. Hakimu alimwita kweli. Saa ilikuwa ile ile. Shahidi hakuwepo. Na mkewe alikuwa mzima, labda hata sasa anafagia. Akatafuta uongo hata mmoja, akaukosa.

"Kanuni ilinilazimisha nikuite kwa kinywa changu, nami nilisema kweli yote," akasema Bi Pimbi. "Ungeitika tu, huenda ningepoteza shamba. Lakini nilikujua, Mzee Ngiri. Nilitia tabasamu na viazi, hayo mengine umeyatunga mwenyewe."

Jioni ile watoto wa Bi Pimbi walikula viazi mpaka wakavisukuma pembeni kwa shibe, na hapana aliyekuja na kapu.

Basi wanangu, anayewaonea wenzake huwashuku wote, hata siku ukweli ukimwita kwa jina lake haitiki.