Lango Jeupe la Sultani Mwinyikondo

Hapo zamani, watu walipokuwa wakisifu wasichokiona ili wapate kula, palikuwa na Sultani Mwinyikondo, mpenda weupe. Kanzu yake nyeupe, punda wake mweupe, hata wali wake haukutiwa bizari. Basi akaweka sheria kwamba asipite mtu langoni pake na viatu, akaiandikisha ukutani kwa chokaa. Na ukuta wenyewe ulikuwa wa chokaa.

"Waziri, yasomeka?"

"Yasomeka, bwana wangu! Macho yaniuma kwa kung'aa kwake."

Ikawa watu wanapita, hawaoni neno, wanakamatwa. Siku moja akakamatwa Mwanakheri, muuza vitumbua, na viatu vyake vya mti miguuni. Mumewe, Chande, alikuwa fukara asiye na kitu ila mke huyo na ulimi wake. Na ulimi usio na mke wa kuusikiliza aliuona mzigo. Akaenda barazani moja kwa moja.

"Bwana, mke wangu hakuyaona maandishi."

"Kwani ni kipofu?"

"Si kipofu, bwana, ingawa alikubali kuolewa nami."

Wakubwa wakauma midomo wasicheke. Sultani akanuna.

"Haya, hodari wa maneno. Iandike wewe sheria yangu, hata kikongwe aisome toka sokoni. Lakini ukuta wangu usiutie rangi, hata tone. Ukiweza, wafungwa wote watoke. Ukishindwa, utamfuata mkeo."

"Nisitie rangi kabisa?"

"Kabisa!"

"Hata nikiombwa?"

"Hata nikikuomba mimi mwenyewe!"

Waziri akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Chande akaenda akaketi mbele ya ukuta, mweupe juu, mweupe chini, moyo wake mzito. Mara akapita mbuzi, akajikuna pembe ukutani. Chokaa ikabanduka, na udongo mwekundu ukachungulia. Chande akaruka. Hakuwa na patasi wala kisu, basi akakimbia nyumbani, akarudi na kigae kikali, akakwangua, akakwangua, mpaka herufi nyekundu zikasimama katika weupe kama majogoo juu ya paa.

Watu wakajaa. Sultani akatoka na waziri wake, akasimama katikati ya lango.

"Nilikukataza rangi!"

"Sikutia, bwana, nimetoa. Wekundu ulikuwamo humo humo, chini ya weupe wako."

Kikongwe mmoja akasoma toka sokoni, pole pole, kwa sauti: "Mtu ye-yo-te apitaye hapa na viatu, a-fu-ngwe." Kisha akateremsha macho hadi miguuni pa Sultani. "Na hayo makubadhi, baba?"

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatazama mawingu.

"Chande, yafute."

"Kuyafuta kwataka chokaa, bwana, na chokaa ni rangi."

"Nakuomba!"

"Ulisema hata ukiniomba."

Basi Sultani Mwinyikondo akainama, akavua makubadhi yake ya dhahabu, akarudi ndani akirukaruka juu ya mawe ya moto kama kuku aliyekanyaga majivu. Wafungwa wakatoka kwa vigelegele, na Mwanakheri mbele yao. Akamtazama mumewe kwa fahari, akautazama ukuta, kisha akautazama mkono wa Chande wenye kigae.

"Chande, hicho si kipande cha chungu changu?"

Hapo Chande, aliyemshinda Sultani na waziri wake, akakosa jibu. Na hekaya hii nayo ikakosa la kuongeza.