Mpaka wa Mzee Nyati

Haya, nijibuni: kutoka hapo mlipokaa hadi mlangoni, njia fupi ni ipi? Mnacheka? Kuna mzee mwenye pembe aliyeshindwa swali hilo.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na viwanja na majirani wa kugombana nao, Mama Pimbi aliamka akakuta chemchemi yake iko kwa Mzee Nyati. Maji hayakuhama. Masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, ndiyo yaliyotoa kitambi katikati, yakaimeza chemchemi. Na kiangazi kile! Watoto watatu, ndimi zimekauka.

Bibi Tandala, mwamuzi, akaja. "Mpaka huu uliwekwa ukiwa umenyooka. Bado umenyooka, Mzee Nyati?"

Nyati akakohoa. "Kunyooka, kwa kweli, ni dhana pana."

"Pana kama tumbo lako!"

"Adabu, Mama Pimbi!" akasema Bibi Tandala. "Lete ushahidi. Jua likifika utosini kabla hujauleta, chemchemi ni ya Mzee Nyati."

Mama Pimbi akatazama juu. Jua lilibakiza kidogo tu. Akalegeza sauti.

"Basi nimeshindwa. Shikamoo, mzee wangu. Ila tuufunge kamba huo mpaka wako, nisije nikakusumbua tena. Sema mimi sina nguvu za kuikaza..."

"Nguvu? Lete hapa!"

Mama Pimbi akaifunga kamba kwenye mmea wa kwanza, akaipitisha upande wake wa masale hadi mmea wa mwisho, akampa Nyati ncha.

Nyati akavuta. Kwiii! Nyuzi mbili zikakatika, ta! ta! Ikikatika yote, kesho Mama Pimbi anahama na wanawe.

"Bado imelegea, mzee wangu. Au umechoka?"

"Nichoke mimi? Hhmmmm!"

Kamba inayovutwa hutafuta njia fupi, haina muda na kona. Mmea wa katikati ukang'oka, ng'o! Wa pili, ng'o! Wa tatu! Mizizi michanga, udongo bado mbichi. Kamba ikanyooka kama rula, chemchemi upande wa Mama Pimbi. Masale ya zamani, huku na huku, hata jani halikudondoka.



"Hawa fuko," Nyati akaanza, "wanachimba sana."

"Fuko," akasema Bibi Tandala.

"Na mvua..."

"Mvua ipi? Kiangazi hiki?"

"Upepo, basi..."

Wanangu, anayeukwepa ukweli huzunguka mbali, nao uko hatua moja mbele yake.

Mama Pimbi akazitazama pembe za Nyati.

Nyati akainamisha kichwa. "Niliyahamisha mimi," akasema. "Kwa pembe hizi hizi."