Wimbo Ukutani

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitataka mniamulie.

Bi Nakiete wa Korogwe alikuwa mwimbishaji wa ngoma, mpaka kelele za mashine za katani, kazini kwake, zilipomziba masikio. Tangu hapo hakuimba tena. Alikuwa na watoto watatu. Gonza alijua kufufua vyombo vya umeme. Semeni alikuwa na mikono myepesi. Hata kioo kilichovunjika alikipatia kazi. Mwasiti, kitinda mimba, alirithi sauti ya mama.

"Kama Mama hawezi kuusikia wimbo," alisema Mwasiti, "basi tumwonyeshe."

Gonza akakusanya deki mbovu za DVD za mtaani. Akazifungua moja baada ya nyingine, akaungua vidole, akachekwa na majirani, hadi akapata leza yenye mwali mwekundu, mwembamba kama uzi. Lakini ukutani ilikuwa nukta tu, imetulia.

Semeni akatoboa kopo la maziwa juu na chini, akavika upande mmoja ngozi ya puto, akabandika juu yake kijipande cha kioo ili kirushe ule mwali ukutani. Puto likilegea, kioo hakitikisiki. Likikazwa mno, linapasuka. Akarudia mpaka gundi ikamganda kwenye kucha.

Mwasiti akaweka mdomo kwenye kopo, akaimba. Nukta ikaruka! Ila ilichora vurugu tupu. Basi akashinda akiimba, akitafuta sauti zinazochora duara na mawimbi. Koo likawaka moto, naye akakataa kunyamaza.

Wakaziba madirisha ya ghala kuukuu kwa magunia, wakamleta mama. Mwasiti akaimba wimbo wa zamani wa mama, mwanga ukacheza ukutani. Bi Nakiete akakunja uso. Kisha mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Akapiga makofi. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, akaupokea kwa sauti, pale pale panapostahili.

Habari zikaenea. Akaja mwandaaji wa maonyesho ya sanaa.

"Kazi hii naitaka," alisema. "Ila nafasi ni ya msanii mmoja, ndiye atakayesafiri nayo. Ni nani?"

"Mwanga ni wangu," alisema Gonza.

"Kaka, bila kioo changu ungebaki na nukta," Semeni akajibu.

"Na Mama aliitikia nini, kopo?" aliuliza Mwasiti.

Hakuna aliyerudi nyuma. Wakamgeukia mama. Akawasoma midomo, akatikisa kichwa.

"Niliwazaa wote. Sichagui."

Mwandaaji angali mlangoni, anasubiri jina. Je, wewe ungemtajia nani?