Funda la Kwanza

Wapendwa, msinitazame hivyo nikitaja pombe kanisani. Sikuja kuwafundisha kunywa. Nina habari ya mkazamwana mmoja, na bila ile pombe yake habari yenyewe haisimuliki.

Binti huyu aliolewa kwenye ukoo wa milimani, penye migomba mpaka mlangoni. Kwa watu wale, mwanamke aliyeolewa hupikia jikoni kwa mama mkwe mpaka atakapotengeneza pombe yake ya kwanza, ya ndizi na ulezi, na babamkwe wake ainywe mbele ya ukoo. Babamkwe akimaliza kata, binti hupewa mafiga yake mwenyewe. Akiiweka chini bila kuimaliza, binti hurudi kwenye jiko la watu. Na sharti lilikuwa moja: babamkwe ndiye wa kwanza kunywa. Mpishi haruhusiwi hata kulamba kidole.

Akina mama, mnajua jiko lako mwenyewe lina maana gani. Mtoto akiugua unamchemshia uji bila kuomba ruhusa ya kuni. Binti huyu alikuwa na mtoto mgongoni, na jiko hilo alilitamani kuliko nguo mpya.

Basi akapika. Pombe ikachacha ndani ya pipa mpaka ikatulia, juu imetakata, chini yamelala machicha mazito. Asubuhi ya karamu ikabaki kazi ya kuihamisha na kuitia kwenye chupa, maana karamu ilikuwa ng'ambo ya bonde na pipa halibebeki. Chupa alikuwa amekusanyiwa na majirani. Nyingine zilikuwa za soda, nyingine za asali, na moja ilikuwa ya mafuta ya taa, ambayo jirani mwenye nayo aliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikanukia ndimu tupu, ndipo akaileta.

Pipa huwezi kuliinamisha, machicha yataibuka na kuchafua kila kitu. Njia ni mpira mwembamba. Ncha moja unaizamisha kwenye pombe, nyingine unaivuta kwa mdomo. Pombe ikifika unaishusha ile ncha kwenye ndoo, nayo inatiririka yenyewe. Kuutia mpira maji kwanza haifai, pombe ya wazee haitiwi maji. Sasa, uvutwe kwa mdomo wa nani?

Wifi yake akacheka mlangoni. "Leo umepatikana! Ukivuta, umemtangulia baba. Ukiinamisha pipa, utawanywesha wazee matope."

"Nivutie basi, wifi."

"Mimi? Nimnywie baba yangu pombe yake? Sijapata wazimu bado." Akajitwika mkungu wake wa ndizi, huyoo, bondeni.

Binti akabaki peke yake. Hakuna aliyemtazama. Angevuta, akapangusa midomo, nani angejua? Ninyi mngefanyaje?

Ndipo nyuma ya migomba akatokea jirani yake, mama mmoja mjane, amekuja na chupa mbili alizoziosha. Ukoo ule haukuwa na ugomvi na mama huyo. Walimsahau tu. Tangu azike mumewe, hakuna aliyewahi kumwita kwenye sherehe.

"Nipe huo mpira, mwanangu," akasema. "Mimi si wa ukoo wenu. Nitavuta, nitatema, basi."

Akapiga magoti kwenye tope, akavuta mpaka mashavu yakabonyea. Pombe ikaja. Akaushusha mpira kwenye ndoo, nayo ikaanza kutiririka, safi, rangi ya asali. Yule mama akageukia majani ateme.

Lakini binti akamwona usoni. Alikuwa amefumba macho, lile funda analizungusha mdomoni polepole, kama mtu asiyetaka kuagana nalo. Binti akayawaza mafiga. Akamgusa mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Usiteme, mama. Meza."

Mama akatikisa kichwa kwa nguvu, akinyoosha kidole ng'ambo, kwa wazee.

"Najua, mama. Wewe meza."

Akameza. Machozi yakamtoka, huku anacheka. "Imekolea, mwanangu! Wee! Imekolea!" Wakajaza chupa pamoja, mmoja ameshika mpira usiguse machicha, mwingine anaziba kwa majani ya mgomba.

Kule kwenye karamu babamkwe akapokea kata, akaiinua, akauliza kama ilivyo desturi: "Kuna mdomo ulionitangulia?"

Wakazamwana wote waliopita walijibu hapana, na wazee wakanywa. Binti huyu akasema:

"Upo, baba."

Minong'ono ikaanza uwanjani.

"Wa nani?"

"Wa mama mjane, jirani yetu. Alinivutia mpira. Alitaka kutema, mimi nikamwambia ameze."

Mzee akaiweka kata chini, haijaguswa. "Si nilisema!" wifi akanong'ona. Binti akaanza kumfunga mtoto vizuri mgongoni, aondoke.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" mzee akauliza. Akasimama, akawageukia watu. "Mnanung'unika nini? Mnajua kwa nini babamkwe hunywa kwanza? Anayekunywa kwanza ndiye mkuu wa karamu, na hakuna anayegusa kitu mpaka mkuu akae. Leo mkuu wa karamu yuko nyumbani kwake, na sisi tumejipanga hapa kama wezi. Mleteni!"

Wakakimbia. Mama akaletwa na kanga yake ya shambani, matope bado magotini, akakalishwa kwenye kiti cha mzee. Mzee akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe, kisha akanywa yeye, akaipindua kata, tone halikudondoka. Vigelegele vikasikika mpaka ng'ambo! Na mafiga yakapelekwa jioni ileile. Moja alibeba mama mkwe, moja yule mjane, na la tatu, mtanicheka, alibeba wifi. "Pokea figa lako, wifi, kabla sijabadili mawazo!"

Sasa sisi. Sisi tunao watu wanaotuvutia mpira, kisha tunawaacha wateme. Wanafagia hapa sisi tusali. Wanapika kwenye harusi zetu, na tukipiga picha hawamo. Hatuwachukii. Tumewasahau tu. Je, Mungu naye amewasahau? Mnadhani atakubali kuanza karamu yake kabla hawajakaa?

Leo baada ya ibada kuna chakula. Nyuma ya kanisa hili wapo akina mama ambao hawajasikia hata neno moja la habari hii, wako moshini tangu alfajiri kwa ajili yetu. Viti vya mbele ni vyao. Masufuria tutayashika sisi. Haya, wapendwa, mbona bado mmekaa?