Saumu ya Maalim Vuai

Wamepokezana wazee mdomo kwa sikio, na wazee hao kumbukumbu zao zilikuwa nyingi kuliko meno yao, kwamba zamani alikuwako mcha Mungu akiitwa Maalim Vuai. Dua yake ilisifika hata ng'ombe mgonjwa akiisikia huinuka, na asiyeamini akamuulize ng'ombe.

Maalim huyu alikuwa akirejea kwa miguu kutoka kumzika dada yake. Alikuwa amechoka mwili na roho. Nyayo zimevimba, tumbo halijaona kitu tangu jana. Adhuhuri akaingia Rasimwamba, mji wa pwani ambao hata kunguru wake hawakuwa na haraka. Jua likipanda, wenyeji hufunga maduka, wakajilaza barazani hadi alasiri. Akaswali, kisha akapiga hodi mlango huu na ule. Akajibiwa na mikoromo.

Moshi ulitoka nyumba moja tu: gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, ambao walijaa mjini humo, maseremala na wahunzi. Kila siku walipika dengu na chapati, wakamlisha kila apitaye bila kumuuliza dini wala kabila.

Maalim akavua viatu. Aliyevipokea mlangoni na kuvipangusa vumbi alikuwa Basant Singh, tajiri wa mbao mwenyewe. Ndani, wachukuzi wa bandarini na wenye mali zao walikaa mkekani safu moja, kila mtu akipokea chapati kwa viganja viwili vilivyokingwa kama vya mwombaji.

Hapo nafsi ya Maalim ikagoma. Mikono inayobusiwa na watu, leo ikinge chapati baina ya wachukuzi?

"Karibu, Maalim, kaa ule," akasema Bibi Isar Kaur, kikongwe aliyekuwa jikoni tangu alfajiri, alipokiona kilemba cha kimaalim kichwani mwa mgeni.

"Ahsante, bibi. Leo nimefunga." Neno likamtoka laini kama samli.

Bibi akaweka upawa chini. "Na safari yote hiyo! Basi mgeni wangu hafuturu peke yake. Nami sili mpaka magharibi, tule pamoja."

"La, bibi, usijitese."

"Nijitese nini? Wewe uweze, mie nishindwe?"

Maalim akajiegemeza ukutani, akatoa tasbihi, akajikuta anahesabu chapati. Lakini kilichomtafuna kuliko njaa ni yule bibi. Aliwagawia wengine huku jasho likimtiririka, akikiinamia chungu kwa shida.

"Bibi, onja japo kidogo," mchukuzi mmoja akamtania, "usije ukatumbukia chunguni tukala mchuzi wa bibi!"

Watu wakacheka. "Nina mgeni aliyefunga," bibi akajibu.

Wote wakamgeukia Maalim kwa heshima, na heshima ile ikamchoma kuliko jua la njiani. Mchukuzi akamsogelea. "Maalim, dua ya mwenye saumu hairudi. Niombee mgongo wangu, magunia yananimaliza."

Maalim akainua viganja. Midomo ikakataa. Atamwombaje Mwenyezi Mungu na uongo ungali mbichi kinywani?

"Bibi," akasema mbele ya safu nzima, "sikufunga. Niliona haya kukinga mikono. Nina njaa, nawe umeshinda na njaa kwa uongo wangu."

Ukasikika mkoromo wa jirani.

Bibi Isar akaja polepole na kikapu cha chapati. "Nilijua, mwanangu. Aliyefunga hakitazami chungu kwa mahaba namna ile."

"Ulijua? Na bado hukula?"

"Ningekula vipi na mgeni wangu ana njaa? Nilikuwa nakungoja."

Viganja vya Maalim vilikuwa vingali juu, vimekingwa kwa ile dua iliyomshinda. Bibi akaiweka chapati humo humo. Maalim akalia, chozi lake la kwanza tangu kumzika dada yake, na bibi akakaa mkekani ubavuni pake, wakala. Kisha Maalim akamwombea yule mchukuzi, na dua ikatoka bila kukwama.

Basi tuzingatie, enyi waumini. Mja aweza kukaa na njaa ilhali tumbo limejaa kiburi. Nasi tunaoinua viganja kila siku kumwomba Mola atupe, tusivifumbe anapotupa, kisa tumeuangalia kwanza mkono uliotuletea.